Namba Ishirini na Nne kutoka Bunda

Watu huchelewa kuwazika mama zao kwa sababu zinazoeleweka: mvua imekata barabara, basi limeharibika, barua imekaa posta wiki tatu. Mimi nilichelewa kumzika wangu kwa sababu ya kitabu cha nyimbo za kanisa, na kitabu chenyewe hakikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu. Ujumbe wa kuniita ulinifikia kwa wakati, ukiwa kamili, na nikamjibu aliyeutuma kwamba nimeupata wote.

Ilikuwa miaka ya shida. Anayeikumbuka hahitaji kuelezwa. Asiyeikumbuka na aufikirie tu mji wa Musoma ambamo mtu mwenye mche wa sabuni anaufungia sandukuni pamoja na cheti cha ndoa. Nilikuwa karani katika ushirika mmoja ambao leo haupo. Ghala kuu lilikuwa Iringo, na tulikuwa na vituo viwili vya kugawia bidhaa, kimoja Bunda na kingine Butiama. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, jambo ambalo sikumpa mtu yeyote nafasi ya kulisahau, na kwa sababu hiyo nikakabidhiwa redio ya upepo.

Redio hiyo ilikuwa sanduku la kijivu lililokula betri ya gari. Ukibonyeza kipaza sauti unasema, ukimaliza unataja "ova", ukiachia unasikia. Tulizungumza mara mbili kwa siku, saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Kituo cha Bunda kilikuwa chini ya mama mmoja wa makamo, mjane, mwenye elimu ya darasa la nane la zamani na sauti ya pili katika kwaya. Butiama alikuwapo bwana mmoja aliyeanza kucheka kabla hajamaliza sentensi. Sote watatu ilitubidi tupige kelele, maana mawimbi yalikuwa mabaya, na madirisha yalikuwa wazi kwa sababu ya joto. Kwa hiyo tulilosema alilisikia kila aliyepita njia.

Wapitaji walikuwa na sababu ya kusimama. Tukimaliza mambo ya bidhaa, tulikuwa na desturi ya kuacha dakika kumi za kile tulichokiita habari za nyumbani. Nani amefariki, mazishi lini, nani amejifungua salama, ng'ombe wa mahari wameonekana au bado. Watu wa Musoma wenye kwao Bunda walikuja kusimama dirishani kwangu, na wenzao wa huko wakasimama dirishani kwa yule mama. Hapakuwa na simu ya kueleweka, na nauli ilikuwa shida. Dakika kumi zile zilikuwa kamba iliyowashika watu na makwao.

Mimi pia kwetu ni huko Bunda. Mama yangu aliishi Guta, peke yake, na shamba la mihogo na majamvi mawili ya kuanikia furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki. Kifua chake kilikuwa kimeanza kumsumbua, na mara ya mwisho nilipomtembelea nilimwambia ahamie kwangu Buhare, hapo Musoma. Akakataa.

"Nikafanye nini Buhare? Nikuangalie unavyovaa tai?"

"Basi ukizidiwa, tuma mtu Bunda kwa mama wa redio. Nitafika siku hiyo hiyo."

"Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo, mama. Lori letu linapita."

Akageuza samaki wake kwanza, wote, ndipo akajibu. "Sikutaki na dawa wala na hela. Nina maneno yangu kidogo ya kukwambia, na hayo sitamtuma mtu. Nitayasema mwenyewe. Wewe njoo tu."

Nikaahidi. Siku hizo nilikuwa mwepesi wa kuahidi, kwa kuwa nilikuwa na redio.

Sasa tatizo la sukari. Nikitangaza asubuhi kwamba lori limeondoka na mifuko thelathini kwenda Bunda, likifika linakuta watu wamekwisha jipanga tangu saa nne, wakiwemo wa vijiji ambavyo havikuwa kwenye orodha ya mgawo, na walanguzi wawili watatu waliovaa kama wakulima. Meneja wetu, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, aliniita.

"Karani, ile si redio. Ile ni gazeti la bure. Wewe si umesoma? Tafuta namna."

Mtu akitaka kuniharibu, aniambie maneno hayo matatu: wewe si umesoma. Nilikaa siku nne nikapata namna. Sisi watatu wa redio tulikuwa waumini wa kanisa moja na tulikuwa na kitabu kimoja cha nyimbo. Basi badala ya kutaja neno, ungetaja namba tatu: namba ya wimbo, namba ya ubeti, na neno la ngapi katika ubeti huo. Anayesikiliza angesikia hesabu tu. Mwenye kitabu angefungua na kusoma.

Taabu ya kwanza ni kwamba watunzi wa nyimbo za kanisa hawakuwa na shauku na sukari. Nilitafuta kitabu kizima. Sukari haimo. Sabuni haimo. Ikabidi sukari iitwe asali, sabuni iitwe theluji, na saruji iwe mwamba. Mafuta na chumvi vilikuwemo, namshukuru Mungu. Kwa hiyo ujumbe wangu wa kwanza wa siri, ukifumbuliwa, ulisomeka: asali inakuja, theluji hakuna, ngojeni kwa imani. Hilo la imani niliongeza mwenyewe.

Taabu ya pili ilichukua siku sita kujitokeza. Nilikuwa nimesahau kwamba nje ya dirisha la Bunda walisimama wanakwaya. Siku ya saba yule mama akaniita hewani akiwa anajizuia kucheka.

"Musoma, Musoma, hapa Bunda. Nikwambie? Hawa wamekuja na vitabu vyao. Wamekaa hapa chini ya dirisha wanafungua haraka kuliko mimi. Kuna mmoja amenitangulia neno la asali, ova."

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaongeza kufuli juu ya kufuli. Kuanzia siku hiyo kila namba ya wimbo iongezwe namba nyingine ya siri, ambayo mimi nitaibadilisha kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumatatu, na kuituma kwa bahasha kwenye lori. Namba ya ubeti nayo ihesabiwe kutoka mwisho siku za shufwa na kutoka mwanzo siku za witiri. Nikachapa kanuni hizo kwa taipureta, kurasa tatu, nikawaita wenzangu Musoma tuzipitie.

Bwana wa Butiama alisoma ukurasa wa kwanza akacheka, akageuza wa pili akacheka zaidi, akasema, "Mwalimu, mimi nimekubali yote," akaomba soda. Yule mama alisoma zote tatu pole pole, kidole kikifuata mistari. Kisha akavua miwani.

"Mwanangu, tunaficha nini hasa?"

"Habari za bidhaa, mama."

"Zote?"

"Zote."

"Hapana. Tunaficha kitu kimoja tu: lori linafika lini. Basi tukubaliane neno moja la hilo. Nikisikia 'shangazi anakuja kesho' mimi nimejua, na mtu wa nje anajua una shangazi. Mengine yote tuseme kama tunavyosemaga. Hii yako," akazipiga zile kurasa kwa kiganja, "mimi nitaiweza siku nikiwa sina kazi. Siku kuna moto, je?"

"Moto gani, mama?"

"Wowote. Kijijini moto hautupi barua kwanza."

Nilimweleza, kwa uvumilivu wa mtu aliyefika kidato cha nne, kwamba siri ya nusu si siri, na kwamba mfumo wangu hauwezi kuvunjwa na mtu yeyote. Katika hilo la pili nilikuwa sahihi. Kisha nikatoa kanuni ya mwisho, ambayo sikuiandika kwenye kurasa kwa kuwa niliona haina uzito: habari za nyumbani zifutwe. Ndizo zilizowaleta watu dirishani. Kuanzia sasa redio ni namba tu, na anayeanza maneno matupu atakatwa.

Yule mama aliniangalia. "Na misiba?"

"Kuna posta."

"Ahaa," akasema. "Kuna posta." Akavaa miwani yake akaenda kutafuta lori la kurudi.

Miezi miwili nilikuwa bingwa. Dirisha langu lilikuwa halina mtu. Butiama tu ndiko foleni zilikoendelea kulitangulia lori, nikashangaa, mpaka nilipokwenda kukagua. Yule bwana alikuwa ameandika namba ya siri kwa chaki, kubwa, ukutani juu ya redio, ikielekea dirishani.

"Bwana, hii ni nini?"

"Namba yako, mwalimu. Nilikuwa naisahauga." Akacheka. "Hapo hata niwe usingizini naiona."

"Na watu wa nje?"

"Nao wanaiona. Juzi nilikosea kujumlisha, mzee mmoja akanisahihisha."

Nilimfokea. Leo namwona ndiye aliyekuwa mwerevu kuliko mimi, ingawa si kwa kukusudia. Alipopewa kitu kisichotumika, alikigeuza mpaka kikatumika. Yule mama wa Bunda hakuwa wa namna hiyo. Alikuwa mtiifu. Alikaa na kitabu, penseli na kurasa zangu tatu, akijumlisha na kutoa, kila ujumbe ukimchukua saa nzima, na hakuacha namba yake ukutani hata siku moja. Kwa hiyo mfumo wangu ulimwadhibu aliyeufuata.

Na niseme na hili kwa kuwa limeniuma baadaye: sukari yenyewe haikuongezeka midomoni mwa watu. Wanakijiji walipokuwa hawajui lori linafika lini, waliojua walikuwa wachache tu, wenye vimemo vya meneja. Niliamini ninalinda mgawo wa wananchi. Kumbe nilikuwa bawabu wa mlango wa nyuma, tena bawabu mwenye tai.

Jumatatu moja ilikuwa siku ya kubadilisha namba. Bahasha niliitoa Ijumaa kwa dereva. Lori likavunjika springi likalala njiani, Makutano, na bahasha ndani yake. Nilijua. Dereva alinitumia salamu kwa mtu wa baiskeli Jumapili, nikazipata nikitoka kanisani. Ningeweza kuacha namba ya zamani siku mbili zaidi. Lakini kanuni ilisema Jumatatu, na kanuni nilikuwa nimeiandika mimi. Tena Jumatatu hiyo alikuja mgeni kutoka makao makuu kuangalia kazi zetu, na meneja alikuwa amemwambia kuhusu redio yangu. Palikuwa na mazungumzo ya kunipeleka mafunzoni.

Saa mbili asubuhi wakasimama nyuma ya kiti changu wote wawili. Nikabonyeza.

"Bunda, Bunda, hapa Musoma. Leta ujumbe, ova."

Sauti ya yule mama ikaja imechoka. "Musoma, nakusikia. Mwanangu, kuna habari yako ya nyumba..."

Nikabonyeza juu ya sauti yake. "Bunda, taratibu! Namba tu. Rudia kwa namba, ova."

Ikabaki ile mikwaruzo ya hewani tu. Nyuma yangu nikamsikia mgeni akisema kwa sauti ya chini, "Mkali, eeh." Nikanyoosha mgongo.

"Ninazo," yule mama akasema mwishowe. "Nilijua utasema hivyo. Nimeziandaa. Andika."

Akanisomea. Mafungu manane, namba tatu tatu, ishirini na nne kwa jumla, pole pole kama mtu anayemhesabia mtoto ngazi. Alipomaliza akarudia zote bila kuombwa. Kisha akauliza:

"Umezipata zote?"

"Nimezipata zote, ova."

"Zote, mwanangu?"

"Zote. Musoma anafunga."

Nikazifumbua mbele ya meneja na mgeni kwa namba mpya ya Jumatatu, ile ambayo Bunda hawakuwa nayo. Likatoka neno nyoka. Likatoka taji. Kisha vinanda, kisha na, kisha kondoo, na mengine ya aina hiyo. Meneja akaanza kucheka kwa ile sauti yake nyembamba.

"Bunda leo wako kwenye mazoezi ya kwaya?"

"Mama yule elimu yake ni ndogo," nikasema. "Anakosea kujumlisha."

Tukacheka watatu. Nilicheka, naandika hapa kwamba nilicheka. Jioni saa kumi Bunda haikuita, betri yao ilikuwa imekwisha, nikafurahi kupumzika. Nikaichomeka karatasi ile kwenye msumari wa mezani pamoja na nyingine.

Alhamisi lori likapita limetengenezwa, limeshafika Bunda na kurudi. Dereva akashuka, hakunipa mkono kama kawaida, akaushika wangu kwa mikono yote miwili.

"Pole na msiba, kaka."

"Msiba upi?"

Akaniangalia kama mtu aliyegonga mlango asioujua. "Si mama? Wamezika jana. Walikusubiri siku nzima juzi. Mama wa redio alisema wewe una habari. Alisema umezipata zote."

Nilifika Guta siku hiyo jioni. Kwetu mtoto mkubwa wa kiume ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Wa mama yangu ulitupwa na binamu ambaye hawakuwahi kupatana naye, tena alihangaika kunieleza kwamba alitupa kidogo tu, kunibakizia. Wazee wakaniuliza kama ujumbe ulinifikia. Nilikuwa nimetunga jibu njiani, kuhusu betri. Lakini yule mama wa Bunda alikuwa amekaa pale na wanawake wengine, kanga begani, akinitazama bila hasira yoyote.

"Ulinifikia," nikasema. "Sikuusoma."

Nikauliza mama alisema nini. Jirani aliyemuuguza akasema Jumapili alizidiwa, akamtuma mtu Bunda, kisha akakataa uji, akakataa maombi marefu, akawa anaulizia lori. Jumatatu kutwa nzima aliulizia lori. Yale maneno yake hakumwambia mtu. Alisema yana mwenyewe. Akafa nayo alfajiri ya Jumanne.

Niliporudi kazini nikarudisha habari za nyumbani bila kumwomba meneja ruhusa, na lori tukaanza kuliita shangazi. Mafunzoni hawakunipeleka. Haikuwa adhabu; alikwenda mpwa wa mtu.

Kisha ukaja wakati wa soko huria, na jambo nililolilinda kwa namba likawa kituko. Sukari ikamwagika kutoka kila upande, ya Kenya, ya Brazili, ya mahali ambapo hata mimi wa kidato cha nne sikupajua. Maduka ya Iringo yakawa na sabuni za rangi nne. Ziwani furu wakawa wamekwisha, wameliwa na sangara, na sangara wenyewe wakawa wanakatwa minofu na kupelekwa Ulaya kwa ndege. Ushirika ukafungwa. Siku ya kukabidhi funguo nilipewa sanduku la karatasi zangu, na ndani yake ule msumari, karatasi zikiwa bado zimechomekwa juu yake.

Niliikuta ile ya Jumatatu. Nilikaa nayo wiki nzima nyumbani Buhare kabla ya kuchukua kitabu cha nyimbo. Namba ya zamani bado niliikumbuka. Nikahesabu neno moja moja, na yakatoka bila kosa hata moja la kujumlisha:

Mama. Yako. Kando. Ya. Mto. Aita. Njoo. Leo.

Neno "mgonjwa" yule mama hakulitumia, sijui kwa nini. Labda wimbo wenye neno hilo ulikuwa mbali na muda haukuwepo. Alikwenda kwenye nyimbo za mazishi, ambako mtu akisema mto kila mmoja wetu anajua ni ule anaouvuka anayekufa.

Nikapanda gari kwenda Bunda. Yule mama wa redio alikuwa amezeeka, anauza soda na mitumba ya watoto karibu na stendi. Alinivutia kreti nikalie, akanifungulia soda bila kuuliza ipi. Nilitoa karatasi nikamwambia kwamba nimeisoma.

"Leo?"

"Wiki iliyopita."

"Haya." Akapangusa meza. "Nilikesha nayo ile. Mtu wa Guta alifika Jumapili giza limeingia. Nikasema nikianza kwa maneno atanikata, ngoja niwe na namba tayari. Lakini nikwambie na mimi langu. Ningeweza kupiga kelele tu. Mama yako anakufa, basi, maneno matatu. Ungenikata ukiwa umeshasikia. Nilikuwa na kidole pale pale kwenye kitufe. Nikaogopa. Nilikuwa naogopaga sana kuipoteza ile kazi, nina watoto watano."

"Kosa si lako, mama."

"Sijasema ni langu. Nimesema niliogopa."

Akafumba macho, akaanza kuzisema. Namba ya kwanza, ya pili, ya tatu, akapumua, ya nne. Hakuwa na karatasi. Karatasi nilikuwa nayo mimi, nikifuata kwa kidole. Alizisema kwa mwendo ule ule wa siku ile, zote ishirini na nne, akakosea moja tu katikati, nami sikumsahihisha. Alipomaliza akafumbua macho.

"Umezipata zote?"

"Nimezipata, mama."

Kijana mmoja wa stendi aliyekuwa akichagua kaptura za mwanawe alikuwa ameacha kuchagua, anasikiliza. Akasogea.

"Shikamoo bibi. Hizo namba ni za bahati nasibu?"

"Marahaba. Hapana, baba," yule mama akamjibu, "hizo ni habari za nyumbani," akamuuliza kama kaptura anaichukua.